Chaki kwenye Nati

Watu walimwita Fundi Sikio, na jina hilo alilipenda kuliko lile lililoandikwa kwenye kitambulisho chake.

Gereji yake ilikuwa kiwanja cha udongo mweusi wa oili, banda la mabati upande mmoja, shimo la kukagulia magari upande wa pili, na lango la chuma lililochoka bawaba hata likawa halifungwi wala halifunguki mpaka uliinue kwa bega. Kiwanja waliachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake, na wote wawili walifanya kazi humo. Mdogo alishika injini na umeme. Kaka mtu alishika vyote vilivyo chini: magurudumu, breki, springi, usukani.

Mteja akileta gari lenye kelele, Fundi Sikio hakukimbilia jeki. Aliingia, akazima redio, akashusha vioo vyote, akaliendesha hadi mtaa wa nyuma penye ukuta mrefu wa ghala, kwa sababu ukuta hurudisha sauti. Pale alikwenda polepole, akikanyaga breki na kuachia, kanyaga na kuachia, shingo ameipinda kama kuku anayesikiliza mwewe. Akirudi alikuwa na hukumu tayari.

"Inayolia ukigusa breki kidogo, ukikanyaga sana ikanyamaza, hiyo ni pedi. Ama ina vumbi, ama imekauka ikawa kigae. Inayokwaruza, pedi imekwisha na chuma kinakula chuma. Hapo usithubutu kulipeleka hata nyumbani. Inayovuma, na mvumo unakua kadiri unavyokimbia, hiyo ni beringi. Kata kushoto: mvumo ukizidi, mgonjwa yuko kulia. Na inayogonga ka-ka-ka kwenye kona, usinitazame mimi, tazama joint ya ekseli."

Kwa miaka mingi hakukosea. Wateja walikuwa wakileta magari wenyewe, huyu kaambiwa na yule, na hakuna aliyehitaji kibao getini.

Kisha ikaja habari ya gari la mwalimu.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kufika dawati la mwisho. Gari lake dogo jeupe alilitunza kama yai. Asubuhi moja aliliingiza gerejini, akashuka, akasema breki zinalia.

"Zinaliaje?" Fundi Sikio akauliza.

"Kama panya aliyebanwa mkia na mlango. Nikisimama pale shuleni watoto wote wanageuka. Wameshanipa na jina."

"Jina gani?"

"Hilo tutalimaliza mimi na wao," mwalimu akasema, akampa ufunguo.

Fundi Sikio akaenda nalo ukutani. Akasikia injini, akasikia matairi yakisaga kokoto, akasikia upepo ukivuma dirishani. Panya hakumsikia. Akarudia. Akageuza, akapita upande wa pili wa barabara, akakanyaga kidogo, akakanyaga sana. Kimya.

"Mwalimu, gari lako ni zima," alisema aliporudi.

"Zima? Fundi, limelia sasa hivi ukiingia getini!"

Alimtazama yule mama usoni, akitafuta mzaha, asiuone. Hata hivyo hakutaka ubishi na mteja. Akafungua magurudumu ya mbele, akaangalia pedi: nene, za kutosha. Diski: laini. Akapuliza vumbi, akafunga, akaagana na mwalimu. Gari lilipokuwa likipunguza mwendo getini, mdogo wake, aliyekuwa ameinamia injini ya gari jingine, aliinua kichwa ghafla, akalitazama gari la mwalimu, akamtazama kaka yake, kisha akainama tena haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Jicho lile Fundi Sikio hakulipenda.

Na halikuwa jambo la kwanza asilolipenda mwaka ule. Dereva mmoja wa teksi alikuwa amerudi kudai breki alizofungiwa majuzi zinapiga filimbi. Muuza samani mwenye pikapu alirudi na dai hilo hilo. Mama muuguzi naye. Wote kelele moja, nyembamba, ya breki, na wote walipoyapeleka magari yao ukutani pamoja naye, yeye hakusikia kitu. Ingekuwa masikio yake yameharibika, asingesikia chochote, si ndivyo? Lakini siku ile ile ya muuguzi, lori lilipita nje likivuma, naye akiwa chini ya gari, mgongo ardhini, akasema, "Beringi ya nyuma hiyo, haimalizi wiki." Lori likarudi likivutwa kwa kamba, beringi imesagika. Basi masikio ni mazima. Waliobaki kuwa na kasoro ni watu.

Na watu hawasemi uongo wa namna moja bila kuwepo aliyewafundisha.

Kwanza alimshuku fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyefungua gereji mpya yenye sakafu ya saruji na viti vya kungojea wateja. Alikaa siku kadhaa akimpiga jicho. Lakini yule bwana alikuwa na wateja wake wa kutosha na kila asubuhi alimpungia mkono. Ndipo akakumbuka usemi wa wazee, kikulacho ki nguoni mwako, akaanza kumtazama mdogo wake.

Akagundua mengi. Kwamba mdogo wake siku hizi anaongea chinichini. Kwamba akipigiwa simu anakwenda nyuma ya banda. Kwamba anawasindikiza wateja mpaka getini, wanasimama, wanateta, na kaka mtu akisogea wanabadilisha mazungumzo au wanatabasamu bila sababu. Siku moja alipita nyuma ya gari walipokuwa wamesimama, akaambulia mkia wa maneno tu, kwa sauti nzito ya yule muuza samani: "…basi sawa, simwambii kaka yako."

Aliendelea kutembea kama hakusikia. Lakini moyoni aliandika.

Nyumbani nako hapakuwa salama. Mkewe alikuwa na tabia mpya ya kusema akiwa amempa mgongo, mikono kwenye karai la vyombo, maneno yakitoka yameloana.

"Unasema nini?" Fundi Sikio akiuliza.

"Nasema chumvi imekwisha."

"Hukusema chumvi."

"Nimesema nini basi, baba watoto?"

"Wewe ndiye unajua."

Binti yao mkubwa akija kuwatembelea, mama na mwana walikaa jikoni wakinong'ona na kucheka. Yeye akiingia, wanauliza kama anataka chai. Mtu hachekwi nyuma ya mlango bure.

Kisha ikatokea ya birika. Lilikuwa birika lenye filimbi mdomoni, la kupiga kelele maji yakichemka. Fundi Sikio alikuwa amekaa karibu nalo akisoma gazeti, na maji yakachemka, yakakauka, birika likaanza kuungua. Mkewe akaja mbio kutoka uani.

"Baba watoto! Umekaa hapo hapo!"

"Mmetoa filimbi," akasema. "Sijui mnacheza mchezo gani, lakini mmetoa filimbi."

Akaushika mdomo wa birika kwa kitambaa, akautazama. Filimbi ilikuwepo. Akangoja ipoe, akaing'oa, akaipeleka sebuleni, akaiweka mdomoni akapuliza kwa nguvu. Ikatoa pumzi tu, fuu, kama bomba lililoziba. Akapuliza tena. Kutoka jikoni mkewe akapaza sauti: "Nani anapiga filimbi ndani ya nyumba?"

Fundi Sikio akaiweka mezani taratibu. Alijua sasa hata mke wake wamemwingiza kwenye njama yao.

Mwalimu akarudi. Safari hii alisema gari lilinyamaza siku chache, kisha likaanza upya, tena kwa nguvu. Fundi Sikio akaenda nalo ukutani, akarudi na jibu lile lile. Mwalimu akakunja uso, akafungua mdomo, akaufunga. Akaondoka, na baada ya siku chache akarudi tena.

"Liache hapa mpaka mchana," Fundi Sikio akamwambia. Alikuwa ameshapata wazo.

Akafungua magurudumu ya mbele, akayafuta, akayafunga kwa mkono wake mwenyewe, akikaza kila nati kwa spana ya magurudumu mpaka ikalia klak. Kisha akatoa mfukoni chaki ya njano aliyokuwa akiwekea alama matairi yenye pancha, akatazama huku na huku, akachora mstari mdogo kuanzia ukingoni mwa kila nati mpaka kwenye rimu. Nati ikiguswa, mstari utavunjika. Akanawa mikono, akaenda nyumbani kula kama kawaida yake. Hakula sana.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu. Mistari ilikuwa imevunjika. Nati moja chaki yake ilitazama juu, nyingine ilitazama chini, na nyingine haikuwa na chaki kabisa. Ilikuwa imefutwa na spana.

Mtu amefungua gurudumu alilolifunga yeye. Fundi wa breki anajua maana ya jambo hilo kuliko mtu yeyote. Pini moja ya kalipa, kile chuma kinachozishika pedi, isiporudishwa vizuri, nati mbili zisipokazwa, na mwalimu anashuka mlima wa kwenda shuleni na watoto wa watu kiti cha nyuma, basi. Na kesho watu watauliza nani aliyefunga breki. Watajibiwa: Fundi Sikio. Gereji itabaki na nani? Na mdogo wake.

Mwalimu alikuwa tayari amefika, amesimama kando ya gari na mkoba begani. Fundi Sikio akamwambia kazi haijakwisha, arudi kesho mchana.

Kesho yake akafunga tena magurudumu mbele ya mdogo wake, akikohoa ili aonekane. Ilipofika saa ya chakula, akaning'iniza ovaroli, akatoka getini, akazunguka nyuma ya ghala, akapenya kwenye uwazi wa mabati, akaingia ndani ya bodi la basi dogo bovu lililokaa kwenye kona ya kiwanja bila magurudumu. Akakaa kwenye kiti kilichotoka sponji, mkononi ameshika spana, akachungulia kwenye kioo chenye ufa.

Hakungoja sana. Mdogo wake alijifuta mikono, akaenda getini, akatazama barabara kushoto na kulia. Akarudi. Akavuta jeki. Akaliinua gari la mwalimu, akaanza kufungua nati.

Fundi Sikio akashuka kutoka basini.

"Iache hiyo."

Mdogo wake akaruka, nati ikamponyoka ikabingiria mchangani. "Kaka! Hukwenda kula?"

"Nimeshashiba. Niambie, tangu lini unafungua magurudumu ninayofunga mimi?"

Mdogo mtu akaitazama spana mkononi mwa kaka yake. "Kaka, iweke chini hiyo tuongee."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Fundi Sikio alitegemea akane. Jibu lile lilimchanganya, na hasira ikapanda maradufu. "Mama wa watu amekukosea nini? Unataka afe ili mimi nifungwe? Si ungesema tu unataka kiwanja, tukagawana kama watu!"

"Kiwanja gani? Kaka, gari linalia!"

"Halilii!"

"Linalia! La teksi lilikuwa linalia. La muuguzi lilikuwa linalia. La mwalimu nilimwita arudi ukiwa umekwenda kula, likanyamaza siku chache; jana nimelisugua tena, na leo asubuhi ulipolisogeza likalia. Kila ukienda kula nafungua, napiga pedi msasa, napaka grisi kidogo mgongoni mwake, nafunga upesi kabla hujarudi. Nawaomba wateja wasikuambie. Ungefurahi wangekwenda kukutangaza mtaani?"

"Unanitukana kwenye gereji ya baba yangu."

"Baba yetu," mdogo wake akasema kwa sauti ndogo.

Wakati huo mwalimu aliingia getini kufuata gari lake, akawakuta wamesimama hivyo, mmoja na spana, mwingine amepauka. Fundi Sikio hakumpa nafasi ya kusalimia. Akalirudisha gurudumu mwenyewe, akakaza nati zote, akashusha jeki, akafungua mlango wa abiria.

"Mwalimu, ingia. Leo tutajua mwongo ni nani."

Wakatoka. Mwalimu alifunga mkanda na kushika mkoba kwa mikono miwili. Walipokata kona ya kwanza Fundi Sikio akagusa breki, akamtazama kwa pembe ya jicho. Mwalimu alikunja uso na kuinua mabega, kama mtu anayesikia ukucha ukikwaruza ubao. Mwigizaji, Fundi Sikio akawaza. Wameshampanga.

Akaingia mtaa wa ghala, akagusa breki kando ya ukuta. Yeye hakusikia kitu. Lakini mwanamke aliyekuwa akianika nguo kwenye kamba aligeuka na kibanio mdomoni. Akaachia, akasogea, akagusa tena. Mzee aliyesinzia kwenye benchi nje ya duka aliinuka kukaa, akatafuta kilichomwamsha. Watoto waliokuwa wakicheza kandokando waliziba masikio kwa vidole wakacheka.

"Wanakujua hawa," Fundi Sikio akasema kwa sauti.

Akaendesha mbali, mtaa ule, mtaa mwingine, mpaka sehemu ya mji ambayo hakuna mtu anayemfahamu yeye wala mwalimu. Palikuwa na kinyozi. Akagusa breki mbele ya mlango wake, taratibu, muda mrefu. Kinyozi akatokea mlangoni na mashine ikinguruma mkononi, mteja nyuma yake na shuka shingoni, kichwa nusu kimenyolewa, wote wawili wakilitazama gari. Na mbwa aliyekuwa amelala kivulini alisimama, masikio juu, akaanza kubweka kuelekea gurudumu la mbele.

Mtu unaweza kumhonga. Hata wawili. Mtaa mzima hauhongeki, na mbwa yule hakuna aliyempa chochote.

Fundi Sikio akaegesha pembeni na kuzima injini.

"Mwalimu, linalia?"

"Linalia, fundi. Linalia mpaka meno yanauma."

"Sasa hivi? Hapa?"

"Sasa hivi hapa."

Hakumtazama. Mwalimu alikohoa kidogo, kisha akasema, bila ile sauti yake ya darasani, "Ninao watoto wa hivyo kila mwaka. Unamwita, hajibu. Wenzake wakicheka anadhani wanamcheka yeye, basi anapigana. Tunamwita mkaidi mpaka siku mtu anagundua hasikii vizuri."

"Mimi si mtoto."

"Sijasema."

Akashuka, akaufunga mlango kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Hakujua anakwenda wapi. Alitaka tu asionekane uso. Akazunguka mbele ya gari, na kwa mazoea ya mikono, si ya akili, akachutama akasogeza kiganja karibu na gurudumu la kushoto. Lina joto la kawaida. Akaenda kulia. Kabla hajaligusa alihisi moto ukimpiga kiganjani kama mlango wa jiko. Akanusa. Harufu ya pedi iliyoungua.

Alibaki amechutama pale, na kwa muda mfupi akasahau mengine yote. Kwenye breki nzima gurudumu moja haliwezi kuwaka hivyo na jingine likae baridi. Pedi haiachii. Hata mguu ukitoka kwenye breki, yenyewe inaendelea kung'ang'ania diski.

Walirudi gerejini. Mdogo wake alikuwa ameketi juu ya tairi, hajafanya kazi yoyote. Fundi Sikio akapita, akachukua jeki.

"La kulia linawaka moto," akasema. "Njoo ushike taa."

Wakafungua. Pini ya kalipa, ile inayotakiwa iteleze ili pedi irudi nyuma, ilikuwa imekauka grisi na kushika kutu. Ilitoka kwa nyundo. Pedi yenyewe ilikuwa imelika upande, kama kisigino cha kiatu cha mtu mwenye matege. Mara ya kwanza alipoifungua alitazama unene wa upande mmoja tu, akaridhika, kwa sababu alikuwa ameshaamua gari ni zima. Mdogo wake naye alitikisa kichwa.

"Mimi nilikuwa nakimbizana na saa. Napiga msasa, narudisha. Sikuitazama pini hata mara moja."

Wakaisugua pini mpaka ikang'aa, wakaipaka grisi inayohimili joto, wakaweka pedi mpya kushoto na kulia. Kisha Fundi Sikio akampa mdogo wake ufunguo, na yeye akakaa kiti cha abiria. Hakuwahi kukaa upande ule kwenda ukutani.

"Vipi?" akauliza walipofika.

"Kimya, kaka."

Ikabidi amwamini. Lakini aliendelea kukodoa macho nje: mwanamke wa nguo hakugeuka, na mzee wa benchi alikuwa amelala tena.

Mwalimu alipoondoka na gari lake, walikaa bandani. Fundi Sikio aliuliza alichotaka kuuliza tangu kwa kinyozi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuambia redio ya gereji unaifungulia mno, majirani wanalalamika. Ulinirushia spana namba kumi na saba. Ilipita hapa." Mdogo wake akaonyesha karibu na sikio. "Nikasema hapa nikimwambia habari ya breki, ataniua."

Fundi Sikio aliikumbuka spana ile. Alikuwa amekwisha kujisemea kwamba ilimteleza.

"Na zile simu za nyuma ya banda?"

"Kaka, wewe unapiga nyundo. Nitamsikiaje mtu?"

Siku chache baadaye alikwenda hospitali na mkewe, na daktari wa masikio akamweka kwenye chumba kidogo kama kabati, akamvika vidude masikioni, akampa kitufe cha kubonyeza kila akisikia mlio. Mwanzoni ilikwenda vizuri: buu, akabonyeza, buu, akabonyeza. Kisha daktari akakaa tu, akimtazama kupitia kioo. Fundi Sikio akangoja, akangoja, akavua vidude.

"Dokta, mashine yako imezimika."

"Haijazimika, mzee. Endelea."

Alivaa tena, lakini alimpigia jicho yule daktari kijana mpaka mwisho, na alipotoka aliomba mkewe naye aingie apimwe kwa mashine ile ile. Mkewe akaingia, akabonyeza kitufe mfululizo. Hapo ndipo alipokubali.

Daktari alimchorea mstari kwenye karatasi. Sauti nzito zilikuwa juu, kama za kijana. Nyembamba zilianguka ghafla kama mtu aliyetumbukia shimoni. Akamuuliza kazi yake, na kabla hajamaliza kujibu akasema, "Grinda na nyundo. Karibu na kichwa, bila kuziba masikio." Zilizokufa hazirudi, alieleza, lakini kuna kifaa cha kuvaa kitakachosaidia. Ndiyo maana maneno yalimfikia yamekatika, sauti za wanawake zaidi. Hapakuwa na mtu aliyenong'ona.

Lakini hilo halikuwa kweli lote. Wiki aliyoanza kukivaa kile kifaa, kila kitu kilimkera: mfuko wa plastiki, ndala za mkewe, ndege. Jioni moja mkewe akiwa amempa mgongo kwenye karai, alimsikia waziwazi akisema, "Mtu mzima, anakula anaacha sahani kama mtoto."

"Nimekusikia!"

Mkewe akageuka, povu mpaka viwikoni. Wakatazamana.

"Kumbe ulikuwa unanisema kweli!"

"Mara moja moja," mkewe akakiri, na wakacheka mpaka mkewe akakaa chini.

Gerejini kifaa hakikumfaa sana. Nyundo ikianza kilipiga kelele zake chenyewe, kwa hiyo alikiweka kwenye mfuko wa shati, na sasa akawa anaziba masikio kwa vizibo kila grinda inapowashwa. Kwenye majaribio ya breki alimwacha mdogo wake aendeshe. Kwa muda walifanya hivyo bila kumwambia mteja yeyote sababu. Ila yeye alianza kuona tena watu wakimtazama, na alijua macho yale yangemrudisha kulekule kwenye kushuku watu.

Siku moja akaja bwana mwenye gari zuri, akasema breki zinapiga filimbi, na ameambiwa amtafute Fundi Sikio.

"Ndiye mimi," Fundi Sikio akasema. "Lakini filimbi mimi siisikii. Kelele nyembamba zimenitoka. Mdogo wangu ataisikiliza, mimi nitafungua."

Yule bwana akamwangalia, akaangalia kibanda, akaangalia ng'ambo ya barabara. "Fundi wa breki asiyesikia breki?"

"Ndivyo."

"Mnanifanyia mchezo nyinyi." Akawasha gari, akavuka barabara, akaingia kule kwenye sakafu ya saruji.

Ilimuuma. Alisimama na tambara mkononi, asijue afute nini nalo. Mdogo wake akatoka chini ya boneti, akaja kusimama kando yake.

Nyuma ya gari lile alikuwa akisubiri yule dereva wa teksi, kiwiko dirishani, amesikia yote.

"Langu halipigi filimbi, fundi," akasema. "Linavuma. Nalo hulisikii?"

"Hilo nimelisikia tangu uko kwenye kona," Fundi Sikio akajibu. "Sogea huko, niendeshe."

Dereva akasogea kiti cha pili. Mdogo mtu akaliinua lango kwa bega, likafunguka, wakatoka.